Mwaka wa Kujitolea Baada ya Kuhitimu Chuo: Mwongozo Kamili, Tangu Kuomba Nafasi Hadi Kukabidhi Kazi

Mwaka wa kujitolea ni kazi. Una saa za kuingia, msimamizi, majukumu, na watu wanaoumia usipofika. Kinachokosekana ni mshahara. Wengi wanaoukatiza njiani walikuwa na moyo wa kutosha, ila waliingia bila kujua nani atawasimamia, nani atalipa bima, na kazi waliyopewa ilikuwa ya nani kabla yao. Mambo hayo yote hujulikana mapema kwa anayeuliza. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi ya kabla ya safari.

Anza ukiwa bado chuoni

Chukua tarehe unayotaka kuanza, kisha rudi nyuma miezi 10 hadi 12. Mipango mikubwa mingi hupokea maombi kwa misimu, usaili huchukua wiki kadhaa, na viza yaweza kula miezi mizima peke yake. Zaidi ya hayo, kuna vitu vinavyopatikana kwa urahisi ukiwa bado mwanafunzi na kwa taabu ukishaondoka.

Cha kwanza ni wadhamini, yaani watu watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Mhadhiri anakukumbuka vizuri katika muhula anaokufundisha. Mwaka mmoja baadaye ana wanafunzi wengine tele. Tafuta watatu: wawili wa chuoni na mmoja aliyekuona ukifanya kazi, iwe mafunzo kwa vitendo, uongozi wa klabu au huduma katika nyumba ya ibada. Mpe kila mmoja karatasi moja yenye aina ya nafasi unayoomba, tarehe ya mwisho, na mambo mawili au matatu uliyoyafanya akiona. Asipopewa taarifa hizo ataandika barua ya jumla inayoweza kumhusu mwanafunzi yeyote, na wasaili huitambua mara moja.

Cha pili ni vyeti. Vyuo vingi hutoa cheti cha shahada muda baada ya mahafali, wakati shirika linataka ushahidi sasa. Omba barua ya kuthibitisha kuwa umekamilisha masomo pamoja na nakala rasmi za matokeo, angalau tatu, zenye muhuri. Zipige picha safi kwa skana na uzihifadhi mahali pawili tofauti.

Cha tatu, na hapa wengi huumia, ni mkopo wa elimu. Usidhani kujitolea kunasimamisha marejesho. Mwandikie aliyekukopesha umwulize mambo manne: marejesho yanaanza lini, je, mwaka wa kujitolea ni sababu inayokubalika ya kuahirisha, riba inaendelea kuhesabiwa wakati wa kuahirisha au la, na ni hati gani wanayohitaji kutoka kwa shirika. Dai jibu la maandishi. Ukiambiwa kwa simu kwamba hakuna shida, kisha rejesho la kwanza likapita, adhabu itaandikwa kwa jina lako.

Hakikisha pia pasi ya kusafiria haitaisha mapema. Nchi nyingi hudai iwe hai kwa miezi 6 zaidi ya muda utakaokaa, kwa hiyo kwa mwaka mmoja unahitaji iliyobakiza miezi 18 au zaidi. Iliyobakiza 14, ibadilishe kabla ya kuomba viza.

Ni nafasi gani inayokufaa

Swali linalofaa kutangulia ni hili: una ujuzi gani ambao mtu anaweza kuutumia kuanzia mwezi wa pili? Mhitimu wa uhasibu anayeweza kufunga hesabu za mwezi, wa takwimu anayeweza kusafisha data, wa lugha anayeweza kutafsiri nyaraka, hao wana kitu mkononi. Mwenye shahada isiyoelekea kazi moja naye ana nafasi yake: kuratibu ratiba, kuandika ripoti, kufundisha watu wazima kusoma, kuhudumia wazee. Nafasi za kuogopa ni zile zinazokupa kazi usiyoruhusiwa kuifanya kwenu. Kama huna leseni ya kutibu nyumbani, huna ya kutibu ugenini, hata mgonjwa akiwa maskini na daktari akiwa mbali.

Kuhusu mahali, nchi yako isidharauliwe. Unaijua lugha, huhitaji viza, gharama ni ndogo, na kazi yenyewe huanza wiki ya pili badala ya mwezi wa tatu. Ugenini kuna mengi ya kujifunza, lakini anayejifunza zaidi mara nyingi ni mgeni kuliko mwenyeji. Hilo halikatazi kwenda, ila linakutaka uende kwa unyenyekevu na kwa muda wa kutosha.

Kati ya mipango inayojulikana, ule wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea, UNV, ulianzishwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na makao yake yako Bonn. Una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, na nafasi za wataalamu kwa wenye miaka 27 na kuendelea, ambazo hudai uzoefu wa kazi. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea kilichoanzishwa mwaka 2010, kwa Waafrika wa miaka 18 hadi 35, nao hutumikia miezi 12 katika nchi nyingine mwanachama. Ulaya kuna European Solidarity Corps kwa miaka 18 hadi 30, miezi 2 hadi 12, na mpango hubeba nauli, makazi, chakula na pesa ndogo za mfukoni. Ujerumani ina weltwärts, wa miaka 18 hadi 28. Marekani, AmeriCorps huhesabu huduma kwa saa, 1,700 kwa nafasi ya muda wote, na ni ya raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo. Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1961, hutajwa sana katika mazungumzo haya, ila hupokea raia wa Marekani tu na huduma yake ya kawaida ni miezi 27, kwa hiyo haiingii kwenye mpango wa mwaka mmoja. Mbali na hayo kuna mashirika ya dini na ya kiraia yasiyohesabika, na ndiko nafasi nyingi zilipo.

Maswali ya kuliuliza shirika

Wasaili watakuuliza yao. Nawe uliza haya, na usione aibu, kwa sababu shirika lililojipanga hufurahia kuulizwa.

Nani aliifanya kazi hii mwaka jana, na nani ataifanya nikiondoka? Hili ndilo swali la kwanza kwa uzito. Jibu likiwa hakuna kabla wala baada, jua unaingia kwenye nafasi iliyobuniwa ili mtu wa kujitolea awepo. Nafasi nzuri ni ile ambayo kazi yake ingeendelea bila wewe, polepole zaidi au kwa shida zaidi, lakini ingeendelea.

Nani msimamizi wangu, anakaa ofisi gani, na tutakutana mara ngapi? Jina la mtu ni jibu. Neno «timu» si jibu. Watu wangapi wa kujitolea waliondoka kabla ya muda mwaka uliopita, na kwa nini? Fedha za mradi zinatoka wapi na zinaisha lini? Ruzuku ikiisha mwezi wako wa tano, posho yako itaisha nayo.

Kisha omba kuzungumza na watu wawili waliowahi kutumikia pale. Mmoja atateuliwa na shirika. Wa pili mtafute mwenyewe kupitia mitandao ya kikazi, na umwulize: ungeanza upya, ungewataka waandike nini kwenye mkataba ambacho hawakukiandika?

Kuhusu ada, yapo mashirika halali yanayomtoza mtu wa kujitolea, na yapo yanayoishi kwa ada hizo. Omba mchanganuo: kiasi gani ni makazi na chakula, kiasi gani bima, kiasi gani kinabaki ofisini, kiasi gani kinafika kwa mwenyeji. Asiyetoa mchanganuo, mwache. UNV haitozi kitu katika hatua yoyote ya kuajiri, kwa hiyo anayekutaka utume pesa ya usajili kwa jina la UNV ni tapeli.

Nafasi za kukaa na watoto katika vituo vya yatima zikwepe. Watoto wengi walio katika vituo hivyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na wageni wanaolipa wamekuwa sababu ya kuwatoa watoto majumbani ili vituo vijae. Mtoto anayezoea mlezi mpya kila baada ya miezi michache, kisha akaachwa, huumia kwa namna isiyoonekana kwenye picha. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilitaja madhara ya ziara na kujitolea kwenye vituo hivyo. Ukitaka kuwatumikia watoto, tafuta shirika linalozisaidia familia zibaki na watoto wao, na lenye kanuni za ulinzi wa mtoto zilizoandikwa: kutokaa peke yako na mtoto, kutopiga picha bila idhini, kuripoti kwa mtu anayejulikana.

Hesabu ya pesa

Posho ya kujikimu haikusudiwi kuacha akiba. Andika matumizi ya mwezi ya mahali unakokwenda (pango, chakula, nauli ya ndani, simu na intaneti, dawa, marejesho ya mkopo) kisha toa posho. Kinachobaki ndicho pengo lako.

Mfano: posho inafunika sehemu nne kati ya tano za matumizi. Pengo la sehemu moja ya tano kwa miezi 12 ni sawa na matumizi ya miezi 2.4. Ongeza miezi 3 ya kutafuta kazi baada ya kurudi. Unahitaji akiba ya takriban miezi mitano na nusu ya matumizi, pamoja na nauli ya kurudi. Nauli hiyo iweke kando siku ya kwanza na usiiguse, hata kama shirika limeahidi tiketi, kwa sababu anayelazimika kuondoka ghafla huhitaji pesa kabla barua pepe hazijajibiwa.

Bila akiba hiyo, una njia tatu za haki: nafasi yenye makazi na chakula, nafasi ya karibu na nyumbani ukiishi na familia, au kufanya kazi ya kulipwa miezi sita kwanza. Njia ya nne, kukopa ili ujitolee, tunamshauri mtu aiache.

Mkataba

Usisafiri kwa barua ya kukaribishwa pekee. Mkataba wa kujitolea uwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za wiki (35 hadi 40 ni kiasi cha kawaida kwa muda wote), siku za mapumziko, kiasi cha posho na tarehe ya kulipwa, hali ya makazi, bima, nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na muda wa taarifa kwa anayetaka kuvunja mkataba. Ongeza jina la mtu wa kupelekewa malalamiko asiye msimamizi wako. Kifungu hiki huachwa sana, na pale shida inapokuwa ni msimamizi mwenyewe, mtu wa kujitolea hukosa mlango wa kugonga.

Soma bima yenyewe badala ya muhtasari wake. Tafuta mambo manne: matibabu ya hospitali, kusafirishwa kwa dharura, dhima ukimdhuru mtu mwingine, na pikipiki. Bima nyingi hazigusi ajali za pikipiki au hutaka uwe na leseni yake, ilhali katika sehemu nyingi ndiyo usafiri wa kila siku. Ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo duniani kwa watu wa miaka 5 hadi 29, kundi ambalo wahitimu wengi wamo. Nunua kofia ngumu yako mwenyewe inayokutosha kichwani.

Viza, chanjo na hati

Nchi nyingi huhesabu kazi isiyolipwa kuwa ni kazi. Shirika linalokuambia uingie kwa viza ya utalii kwanza linakuhamishia hatari yake: ukikamatwa, atakayefukuzwa na kuzuiwa kurudi ni wewe. Uliza jina kamili la kibali, nani anakiombea na nani anakilipia. Cheti cha tabia njema kutoka polisi huwa na muda wa kutumika, mara nyingi miezi michache, kwa hiyo kiombe baada ya kupata nafasi na si kabla.

Chanjo zina ratiba isiyoharakishwa kirahisi. Ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida hutolewa kwa dozi tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Atakayetumikia hospitalini aianze miezi saba kabla. Cheti cha homa ya manjano huanza kukubalika siku 10 baada ya chanjo, na tangu 2016 dozi moja inatosha kwa maisha yote. Penye kichaa cha mbwa, muulize daktari kuhusu chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ni dozi mbili, siku 7 kati yake. Ukitumia dawa za kila siku, beba za miezi mitatu katika vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa la kitabibu.

Miezi mitatu ya kwanza

Siku 30 za mwanzo usianzishe kitu. Tazama, uliza, andika. Tengeneza orodha ya watu wanaoifanya kazi hiyo na umwombe kila mmoja dakika ishirini: unafanya nini, nini kinakukwamisha, kilishawahi kujaribiwa nini? Mara nyingi utakuta wazo lako zuri lilijaribiwa miaka mitatu iliyopita, na kuna mtu anayejua kwa nini lilikufa.

Ila kutazama kusiwe kukaa bure. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: omba kazi ndogo za kila siku, kupanga mafaili, kuandika mihtasari ya vikao, kubeba viti. Ndipo watu wanapokuona, na ndipo unapojifunza nani huamua nini.

Weka na msimamizi saa moja isiyohama kila wiki. Akiiahirisha mara mbili mfululizo, mwandikie ujumbe mfupi wenye mambo matatu: nilichofanya, nitakachofanya, ninachohitaji kutoka kwako. Ujumbe huo hukulinda pia siku ikisemwa hukufanya kitu.

Pesa za kuazimana huharibu uhusiano haraka kuliko kosa la kazi. Amua kabla hujafika kiasi utakachoweza kutoa bila kudai, na yanayozidi hapo yapitie kwenye shirika.

Mwezi wa nne na kuendelea

Kati ya mwezi wa tatu na wa tano wengi huvunjika moyo. Upya umekwisha, wenzao wa darasani wanatangaza ajira, na kazi yenyewe inaonekana haisogei. Hali hiyo si dalili kwamba ulikosea kuja. Punguza malengo hadi mawili yanayopimika, pata rafiki mmoja nje ya shirika, lala vya kutosha, na usifanye uamuzi wa kuondoka ndani ya wiki mbaya. Upe siku 14.

Zipo hata hivyo sababu za kuondoka bila kungoja: unyanyasaji wa kingono au wa aina yoyote, kulazimishwa kazi usiyo na sifa nayo, kushikiliwa pasi, makazi yasiyo salama, au posho kukatwa miezi miwili bila maelezo. Andika tukio na tarehe, mjulishe mtu wa malalamiko, tumia nauli uliyoiweka kando. Kuvumilia haya hakumsaidii yeyote, na atakayekuja baada yako atayakuta.

Mwezi wa sita omba tathmini rasmi ya maandishi. Baada ya mwezi wa nane usianzishe mradi mpya, kwa sababu hutaukamilisha na mwingine hajaupangia muda.

Kwa mwaka wote, kila Ijumaa, andika mistari mitano: kazi uliyofanya, idadi inayohusika, tatizo, ulivyolitatua, nani alishiriki. Bila daftari hilo, wasifu wako utasema «nilisaidia jamii». Ukiwa nalo utasema ulihamisha rekodi ngapi kutoka daftari hadi kompyuta na ukawafundisha watumishi wangapi kuziendeleza, na mwajiri atakuwa na kitu cha kukuuliza.

Kukabidhi na kinachofuata

Makabidhiano huanza mwezi wa kumi. Hati yake iwe na majina na namba za watu wa kazi, kalenda ya mambo yanayorudi kila mwezi, mahali mafaili yalipo, kazi zisizokamilika na sababu zake, na mambo yaliyojaribiwa yakashindikana. Akaunti zote, barua pepe, kurasa na majedwali, ziwe kwa jina la shirika. Kosa hili ni la kawaida na ni ghali: mtu anaondoka, jedwali la wanufaika liko kwenye akaunti yake binafsi, anasahau nenosiri, na mwaka mzima wa kazi unapotea. Katika wiki nne za mwisho, mwenyeji aifanye kazi nawe utazame. Anapokwama, ongeza mstari kwenye hati.

Kazi anza kuiomba mwezi wa nane au wa tisa. Programu za ajira kwa wahitimu katika makampuni makubwa mara nyingi hufunga maombi miezi mingi kabla, na baadhi hudai uwe umehitimu ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo soma sharti hilo hata kabla ya kuanza mwaka wa kujitolea. Kama ulishapata nafasi ya shahada ya pili, omba kuiahirisha kwa maandishi kabla ya tarehe ya kuthibitisha. Barua ya utumishi ichukue mkononi kabla hujaondoka, yenye tarehe, cheo, saa na majukumu. Wasimamizi nao huhama, na barua inayoahidiwa kufuata kwa posta mara nyingi haifuati.

Ukishaondoka, kubaliana na mrithi wako muda wa kujibu maswali, kama wiki sita. Baada ya hapo kila swali mwelekeze kwa msimamizi, na uombe jina lako liondolewe kwenye akaunti na makundi ya kazi.